NIPE MJI: MICHEZO YA SIMU NA BEI YA KUSHINDWA

Makala haya yametokana na jambo dogo lililotokea nyumbani kwetu Mpwapwa wakati wa likizo. Ilikuwa saa moja na nusu usiku, umeme ukakatika. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ameshika simu ya mama kama ilivyo kawaida yake, maana huikamata mara tu anapovua sare ya shule na huiachia kwa kilio. Chaji ilikuwa imebaki kidogo, mama akaichukua. Tukabaki gizani. Shangazi yangu ni mtu asiyependa giza lenye kimya, akasema, "Kitendawili!" Tukaitikia, "Tega!" Akatega. (Kitendawili chenyewe sitakiandika hapa, nitakihitaji likizo ijayo.) Tulijaribu kila mmoja, tukakosa. Shangazi akasema, "Haya, nipeni mji." Mdogo wangu akajibu kwa nia njema kabisa: "Shangazi, ngoja kwanza niangalie tangazo, halafu unipe jibu."

Tulicheka sana. Mama alicheka mpaka akakohoa. Lakini baadaye, nikiwa kitandani, nilianza kujiuliza mtoto yule alikosea nini hasa. Alijua kwamba mchezo ukikushinda lazima utoe kitu ili uendelee, na hilo ndilo shangazi alilokuwa akimdai. Tofauti ilikuwa katika malipo. Yeye, katika maisha yake yote ya uchezaji, amelipa kwa kutazama matangazo ya biashara ya sekunde thelathini, na bando linalokwisha ni la mama.

Katika makala haya basi nakusudia kujadili ubora wa michezo ya simu na vishikwambi kwa kufuata historia ya jambo moja tu: mchezaji anaposhindwa analipa nini, anamlipa nani, na anarudishiwa nini. Ziko njia nyingine za kuijadili michezo hii. Wenzangu hostelini wakisema gemu fulani ni kali huwa wanazungumzia picha, sauti, kasi, na kama linakwamakwama kwenye simu ya bei nafuu. Hayo ni mambo ya fani, na kwa upande wa fani sina ugomvi. Mtu mwenye macho hawezi kukana kwamba picha za siku hizi zinapendeza. Ugomvi wangu ni kwamba tumeishia hapo. Tungeusoma utenzi namna hiyo, yaani kuhesabu vina na mizani na kufunga kitabu, mwalimu wetu angetupa sifuri na angekuwa na haki.

Huenda msomaji akauliza gemu linatafuta nini katika jarida la uhakiki wa fasihi. Nimeshaulizwa hivyo, tena kwa kejeli. Jibu langu ni kwamba mlango huu ulifunguliwa zamani na watu waliotutangulia. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipotoa kitabu chao mwaka 1976 walikiita Fasihi na Sanaa za Maonyesho, na hiyo "na" ya katikati ilikuwa na kazi yake: ilikataa kwamba fasihi ni karatasi peke yake. M. M. Mulokozi naye, katika makala yake ya 1989 katika jarida la Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitufundisha kutazama fasihi simulizi kama tukio. Tusiangalie maneno tu. Tuangalie fanani ni nani, hadhira ni nani, fani gani inatendwa, mahali gani na wakati gani. Kitendawili alikiweka miongoni mwa semi. Sasa jamani, kitendawili ni nini kama si mchezo? Kina sheria, kina zamu, kina kushinda na kushindwa. Mdachi Johan Huizinga aliandika kitabu kizima mwaka 1938, Homo Ludens, akidai kwamba utamaduni wenyewe umekulia ndani ya mchezo, na mafumbo akayatengea sura yake. Kama tunakubali kukihakiki kitendawili, basi hatuna sababu ya kulikimbia gemu la simu eti kwa kuwa linatumia betri.

Tuanze na mji wenyewe. Mtegaji akitega na hadhira ikashindwa, hadhira hutoa mji. Mji huo haupo mkononi mwa mtu. Hakuna anayetoka pale akiwa amepoteza shamba. Lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba malipo yale ni ya kweli kwa namna yake: mtoto anayetoa mji huumia kidogo, na anayepewa hujivuna. Wapo wategaji wanaokataa mji waliopewa, wanataka mkubwa zaidi. Shangazi usiku ule alipewa Dar es Salaam na mama, akasema hataki, joto la kule halimwezi, akataka Dodoma. Jambo hili lilinifurahisha kwa sababu nimeambiwa na wazee kwamba enzi zao aliyetoa Dodoma alizomewa, watu walitaka Mombasa au Unguja. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu haukutosha kuipandisha bei katika vitendawili. Ilibidi serikali ihamie kwelikweli kuanzia 2016.

Baada ya kupokea mji, mtegaji hufanya jambo ambalo kwangu ndiyo roho ya mchezo. Husimulia kidogo: nilikwenda Dodoma, nikakaribishwa, nikala zabibu, nikapewa kiti, wenyeji wakanisifu. Halafu hutoa jibu. Yaani aliyeshindwa huondoka na jibu! Kesho yeye anaweza kwenda kulitegea kwa watoto wa jirani na kujipatia miji yake. Malipo ya kushindwa yamemnunulia mtaji.

Neno hilo mtaji sikulichagua ovyo, maana linatupeleka kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi, ambazo huzinamua moja moja. Hatua ya kula huitwa mtaji. Usipokuwa na mtaji unatakata, yaani unazungusha kete zako bila kula, na huku unamwomba Mungu mwenzako asiione kasoro yako. Mchezo unakwisha safu ya mbele ya mmoja inapobaki tupu au anapokosa pa kwenda. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao na picha zake akiwa ameinamia kete zinajulikana. Mwaka 1995 mtafiti Alexander de Voogt alitetea tasnifu yake huko Leiden, Uholanzi, kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, akichunguza jinsi wanavyoweza kuhesabu kichwani mizunguko ambayo mtu wa kawaida hawezi kuifuata hata kwa kidole.

Huku kwetu nyanda za kati bao si la mbao iliyochongwa tu. Nyuma ya soko moja la Mpwapwa nimeona mashimo yaliyochimbwa ardhini chini ya mkwaju, kokoto ndizo kete, na mvua ikinyesha bao linafutika na kuchimbwa upya. Nilikwenda pale mara tatu likizo ile nikiwa na daftari. Nilichokuja kugundua ni kwamba wachezaji ni wawili lakini mchezo ni wa watu kumi. Anayefungwa hasogei haraka. Kwanza lazima asikilize. Mzee mmoja atamwambia, "Ulipoivunja nyumba mapema ndipo ulipokufa." Mwingine atapinga kwamba kosa lilitokea kabla, kwenye kichwa. Watabishana, kete zitarudishwa nyuma, hatua itachezwa upya hewani kwa kuelekeza vidole. Anayefungwa anataniwa, hiyo ndiyo bei, na utani wa wazee wa Kigogo si mchezo mdogo. Lakini anaondoka akijua alikufa wapi. Siku ya tatu nilicheza mimi. Nilifungwa nikiwa bado na kete mkononi, na maelezo ya kosa langu yalichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe.

Nisije nikaonekana natukuza ya kale bila kufikiri. Bao pia limechezewa fedha mahali pengine, karata ndiyo usiseme, na wapo waliorudi nyumbani bila hela ya chumvi. Vilevile sikuona mwanamke hata mmoja katika ile duara ya mkwaju. Mimi nilivumiliwa kwa kuwa ni mwanafunzi mwenye daftari. Kwa hiyo wanaosema kwamba simu imewapa wasichana mchezo ambao kijiwe hakikuwapa, wana hoja, na hoja hiyo sina namna ya kuikwepa.

Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994, zikiwa za wenye nacho. Mchezo wa kwanza wa simu ambao watu wengi wa rika la wazazi wetu waliufahamu ni ule wa nyoka. Uliandikwa na Mfini aitwaye Taneli Armanto na kutoka katika simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Baadaye ukaenea katika simu ndogo za kina Nokia 3310 na 1100, hizi ambazo mpaka leo tunaziita vitochi. Nyoka anakula, anarefuka, akigonga ukuta au akijiuma amekufa. Inaonyeshwa namba ya pointi zako, basi. Hakuna picha ya maana, na sauti ni ya kuchokoza wenye nyumba. Kwa vipimo vya wenzangu wa hostelini mchezo ule haufai hata kutajwa.

Lakini tuutazame kwa kipimo chetu. Ukishindwa unalipa nini? Chaji tu. (Kwa kijiji kisicho na umeme chaji ni hela, hilo nalikubali, baba alikuwa akilipia kuchaji dukani na alitukataza kucheza kuanzia betri inapofika vipande viwili.) Unamlipa nani? Hakuna. Mtengenezaji ameshalipwa siku baba aliponunua simu, na hana faida yoyote ukicheza mara moja au mara elfu. Unarudishiwa nini? Hapa nyoka ni maskini ukimlinganisha na kitendawili, maana hakuna anayekueleza kosa. Lakini kosa lenyewe liko wazi, umejiuma mwenyewe. Kisha simu ilikuwa moja, watoto wanne, na anayesubiri zamu hakukosa kukwambia ulipokata kona vibaya. Ile hadhira ambayo Mulokozi anataka tuihesabu ilikuwapo, imepiga magoti kandokando ya kioo cha ukubwa wa kiberiti.

Mabadiliko makubwa yalikuja haraka, na kwa maoni yangu wahakiki wa mambo ya leo huyasimulia vibaya kwa kutilia mkazo vioo vya kugusa. Kioo cha kugusa ni fani. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka lake la programu, na Oktoba mwaka huohuo Google nao wakafungua la kwao. Mwanzoni ulinunua mchezo kama unavyonunua kitabu. Oktoba 2009 Apple iliruhusu programu za bure ziuze vitu humohumo ndani. Hapo ndipo sheria ya kushindwa ilipobadilika. Mchezo ukawa wa bure kuingia, na mtengenezaji akawa halipwi mpaka ukwame. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Fanani aliyekuwa akijivunia utegaji mzuri sasa anakula kutokana na hadhira kutojua jibu.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni Candy Crush Saga, uliotoka mwaka 2012. Una maisha matano. Ukishindwa unapoteza moja, na kila moja hurudi baada ya dakika 30, isipokuwa ukilipa au ukiwasumbua marafiki wakuombee. Mtu anaweza kusema hakuna ubaya, subiri. Mimi nasema tusome sheria hiyo kama tunavyosoma mgogoro katika tamthilia. Ni mchezo unaokuzuia kuucheza. Kinachouzwa si jibu, ni ruhusa ya kukosea tena. Umelipa mji, na mtegaji hakusema jibu. Amekwambia tu kwamba sasa unaruhusiwa kukisia upya. Shangazi angefanya hivyo pale nyumbani tungeondoka sote tukalale.

Madhara yake hayakuchelewa kuonekana hata kwa wenyewe. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani iliifanya Apple ikubali kurudisha dola milioni 32.5 zisizopungua kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo bila idhini, na Google ikakubali kurudisha milioni 19. Mwaka huohuo, mwezi Februari, kulitokea jambo ambalo mimi naliona la kifasihi kabisa. Mvietnam Dong Nguyen, mtengenezaji wa Flappy Bird, aliuondoa mchezo wake madukani wakati ukiwa unaongoza duniani, akisema umekuwa uraibu. Mchezo ule ulikuwa mgumu kupita kiasi lakini haukumuuzia mtu maisha: unakufa, unaanza. Msanii mmoja akaona hadhira yake inaumia akaifunga kazi yake. Sijui ni waandishi wangapi wa riwaya wangefanya hivyo.

Huku kwetu wengi hatuna kadi ya benki ya kununulia maisha, kwa hiyo mtindo uliotushika ni wa tangazo. Nimefanya hesabu ndogo. Nilichukua gemu analolipenda mdogo wangu, jina nalihifadhi, nikalicheza kwa saa moja na daftari pembeni. Nilishindwa mara 14, na mara 11 kati ya hizo nililetewa tangazo. Matangazo manne yalikuwa ya magemu mengine. Mawili yalikuwa ya kubeti, na gemu lenyewe ni la kupanga matunda ya rangi, la watoto! Bando nililonunua kwa ajili ya kusoma makala za semina lilikwisha kabla ya saa hiyo kutimia. Kama huo ndio mji, basi mdogo wangu ametoa nchi nzima.

Hilo la kubeti nilipite haraka kwa sababu linaniuma. Mwenzangu mmoja hostelini alimaliza boom lake lote kwa siku nne katika mchezo wa kubashiri wa simu, akala kwa kugongea vyumba mpaka mwisho wa muhula. Aliniambia neno ambalo sijalisahau: kwamba alipoanza alikuta sheria anazijua tayari. Unashindwa, unaongeza kidogo, unaendelea. Alifundishwa utotoni na magemu ya bure.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuingiza michezo yetu ya asili ndani ya simu. Nimejaribu programu tatu za bao. Mbili zilikuwa zimeondoa hatua ya kunamua na nyumba, zikabaki na kete mbili kila shimo, yaani bao la kujifunza, ambalo halina ubaya ila lisijiite bao zima. Moja ilifuata sheria kamili na ilinifunga vibaya. Kompyuta kuweza bao si ajabu tena. Waholanzi Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliandika kuhusu kuliingiza bao katika kompyuta tangu 2002. Ila baada ya kunifunga, programu ile ilinyamaza. Iliandika kwamba nimeshindwa, ikauliza kama nataka tena. Kete zilikuwa zimezunguka kwa kasi hata sikuona nilipofia. Nilitamani yule mzee wa mkwaju anitukane kidogo. Picha za ubao zilikuwa nzuri mno, mbao inang'aa kama ya mninga. Kwa hiyo kuwa ya asili peke yake hakutoshi. Bao linaweza kuhamishwa lote, kete 64 zikatimia, na kilichokuwa kikimfaa aliyeshindwa kikaachwa chini ya mti.

Sasa nifike kwenye mfano wa nchini mwetu ambao ningependa uhakikiwe zaidi ya nilivyouona ukihakikiwa. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la kutengeneza programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili mkoani Tanga kuanzia Desemba 2017 kwa miezi 15, katika vijiji vipatavyo 170, pamoja na serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vishikwambi vilitolewa na Google, na vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na wengi hawakuwahi kwenda shule. Mwishoni idadi ya wasioweza neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni kumi iligawanywa sawa kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School.

Walioandika habari hizi magazetini wengi waliziandika kama muujiza wa teknolojia. Mimi si wa muujiza; nusu ya kilichokuwapo bado ni watoto wengi, na mwalimu aliyelipwa vizuri ni kishikwambi cha zamani kisichohitaji jua. Ila kama mhakiki wa mchezo naona jambo lililopitwa. Sooinn Lee, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Enuma iliyotengeneza Kitkit School, alikuwa mbunifu wa magemu ya kompyuta, na aliingia katika michezo ya kujifunzia kwa sababu ya mtoto wake aliyezaliwa na mahitaji maalumu. Nadhani hapo pana siri. Mtu anayemtengenezea mchezo mtoto ambaye atakosea mara nyingi, na anampenda, hawezi kuweka mlango wa malipo kwenye kila kosa. Katika programu za Tanga mtoto alipokosea herufi hakukuwa na maisha ya kupoteza wala kitu cha kununua, na zawadi ya mwisho ilitegemea mtoto aweze nini kwenye mtihani uliofanyika nje ya mchezo. Hapo watengenezaji wa magemu walilipwa kwa hadhira kupata jibu. Fedha iligeuzwa mwelekeo, na sheria za kushindwa zikageuka nayo.

Mhadhiri mmoja niliyemwonyesha rasimu ya makala haya alinipinga papo hapo. "Binti yangu," alisema, "wale walikuwa na dola milioni za matajiri. Kijana wa Dodoma anayetengeneza gemu kwenye kompyuta ya mkopo atakula nini kama hakuweka tangazo?" Ni kweli. Sina jibu la kumfaa kijana huyo. Naweza kusema tu kwamba tangazo likiwekwa mwishoni mwa mchezo, baada ya kuonyeshwa ulipokosea, ni kitu kimoja, na tangazo lililowekwa katikati ya mtoto na nafasi yake ya pili ni kitu kingine, na tofauti hiyo mhakiki anaweza kuisema bila kumfukarisha mtu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, anacho kimoja, na jioni wanawe hukigombania. Kuna mtu atakayeamua ni michezo gani iingie humo, na ningependa mtu huyo awe amewahi kusoma uhakiki kidogo.

Siku mbili kabla sijarudi chuoni, mdogo wangu alinijia jikoni. "Kitendawili!" Nikaitika. Kilikuwa chake mwenyewe, kirefu, chenye kuku na ndoo ndani yake. Nilikosa. Akaniambia nimpe mji, nikampa Dodoma. Akakataa, eti Dodoma ameshafika. Nikampa Tanga. Akasafiri, akala machungwa, akaogelea baharini, akapewa samaki mkubwa, na hakuonyesha dalili ya kurudi mpaka mboga ikaanza kuungua. Jibu alilonipa mwishoni lilikuwa halifanani kabisa na kitendawili. Nilibisha. Akasema ndilo, nikasema silo, tukaendelea hivyo hadi mama akatutoa nje wote wawili. Kisha akaomba simu.